Tupeane uzoefu: mliosoma hisabati chuoni kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, deni na mshahara vilikutana wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Binti yangu kamaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia, hisabati), na Advance, yaani hisabati ya juu, ana A. Anataka hisabati yenyewe, uhandisi hautaki. Baba yake anahofia atatoka na deni mkononi na kazi hana. Naomba namba: ulidaiwa kiasi gani, ulianza na mshahara upi, ulikatwa ngapi, ulimaliza lini? Aliyeumia aseme, aliyenyookewa aseme.

Mwalimu, Shinyanga
Shikamoo mama. Nilisoma ualimu wa hisabati na fizikia, enzi za bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, la 8,500 kwa siku. Nilitoka nadaiwa 9,400,000. Mwaka na nusu nikapiga tempo (kazi ya muda) shule binafsi, ajira ya serikali ikatoka 2018, daraja D, mshahara 716,000.

Slipu ya kwanza niliisoma mara tatu. Bodi 107,400, maana ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Pensheni 35,800. Bima ya afya 21,480. Chama cha walimu 14,320. Kodi 88,000 na ushee. Nikabaki na kama 449,000.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye hesabu. Wakati huo kulikuwa na VRF, tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Kwa deni langu ni 564,000 kwa mwaka, sawa na 47,000 kwa mwezi. Kati ya ile 107,400, deni lenyewe lilikuwa linapungua 60,400 tu. Nikapiga kwa mshahara uleule usiopanda: miaka tisa na miezi minane. Bila VRF, miaka saba na miezi minne. VRF ikaondolewa 2021, mwaka huohuo nikapanda daraja E, makato yakawa 141,000. Mapema 2025 nikamaliza.

Kingine: sheria inataka mtumishi abaki na theluthi moja ya mshahara. Ukiwa na makato ya Bodi, nafasi ya kukopa benki inakuwa finyu. Nilichelewa kujenga kwa sababu hiyo. Lakini sijutii, maana walimu wa hesabu na fizikia tuliitwa kazini wakati wenzangu wa masomo ya sanaa bado wanasubiri.

Mdau wa benki, Dar
Mimi hisabati na takwimu, deni milioni 10 na kidogo. Miaka miwili sikuwa na kazi kabisa. Niliandika barua za maombi mpaka nikachoka, na hiyo miaka ndiyo iliyonigharimu kuliko mkopo. Nikaingia benki kama karani wa dirishani. Jioni nilijifundisha SQL na Python, lugha za kompyuta za kuchambua data, kwa kompyuta ya kuazima. Sasa niko kitengo cha vihatarishi, msingi 2,400,000, makato ya Bodi yalikuwa 360,000. Kilichobaki kikaisha ndani ya miaka miwili. Asilimia ni ileile 15 kwa kila mwajiriwa, ila mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja, deni sawa na langu, bado analipa.

Dada wa Arusha
Msisahau kuomba taarifa ya deni kila mwaka. Shule niliyofundisha (jina siliweki) ilinikata miezi 14 na hela haikufika Bodi. Slipu nilikuwa nimezitunza zote, ndizo zilizoniokoa.

Jirani wa Nakuru
Huku kwetu Kenya, HELB (bodi yetu ya mikopo ya wanafunzi) riba ni asilimia 4, na unapewa mwaka mmoja baada ya kumaliza kabla ya kuanza kulipa. Ukipita hapo bila kulipa, faini ni shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi. Nilikopa 148,000. Kazi sikuwa nayo, nikaona haya, nikanyamaza miezi 26. Faini pekee ikafika 130,000. Nilipopata uanagenzi wa kufundisha sekondari ya chini, posho ilikuwa 20,000. Wakatangaza msamaha wa faini kwa anayelipa deni lote kwa mkupuo, kaka zangu wakanichangia. Mama, mwambie binti yako, hata kama hana kitu, aende ofisini ajieleze. Mimi ningekubali kulipa 1,000 kwa mwezi kuliko kujificha.

Mwenye uzi
Asanteni sana wanangu, nimesoma yote kwa sauti mezani jana usiku. Binti alichukua karatasi akairudia hesabu ya mwalimu wa Shinyanga, akapata tofauti ya miezi 28 kati ya kulipa na VRF na bila VRF, karibu milioni 3. Baba yake alikaa kimya, kisha akaomba aonyeshwe tena taratibu. Chaguo la kwanza ameweka hisabati na takwimu, la pili ualimu wa hisabati na fizikia. Mdau wa benki, anakuuliza: hiyo SQL aanzie wapi kabla chuo hakijafunguliwa? Kompyuta hatuna, simu anayo.

Mdau wa benki, Dar
Aanze na simu hiyohiyo, mama. Nitaandika hapa kesho hatua kwa hatua nilivyoanza mimi.