Lenzi ya zamani imefika na hitilafu: niitengeneze au niirudishe?

Nuru_Pasua
Wakuu habari za jioni. Nimenunua lenzi ya zamani mtandaoni, imenifikia wiki hii, na nilipoifunga kwenye kamera nikaona ina shida. Muuzaji aliandika kwamba ni nzima kabisa. Sasa niirudishe nidai hela yangu, au nitafute fundi hapa Moshi au Arusha? Kuna kazi naianza karibuni kule Marangu, napiga picha wazee wanaochuma kahawa vihambani mwao (mashamba ya nyumbani), na lenzi hii ndiyo niliyoipangia. Naombeni ushauri.

Chalii_wa_Sakina
Dada, lenzi gani? Shida gani? Kamera gani? Umetuletea mgonjwa bila kutuambia anaumwa wapi.

Mzee_wa_Zenit
Binti, andika jina lote lililoko kwenye pete ya mbele. Sema umenunua wapi, umelipaje, na imetumwa kwenye anwani ya nani. Na kabla ya yote, mtu yeyote asiiguse kwa bisibisi. Lenzi ikishafunguliwa, muuzaji atasema umeiharibu mwenyewe, na huna cha kumjibu.

Nuru_Pasua
Shikamoo mzee. Ni Super-Takumar 50mm f/1.4 ya Asahi, ile ya kukaza kwa uzi, M42. Kamera ni Sony a6000 na adapta ya kawaida, ile pete ya kuunganisha lenzi na kamera. Shida ni mbili. Nikiweka kasi ya pazia isiyobadilika, 1/250 ya sekunde, halafu nikazungusha pete ya tundu la mwanga kutoka f/1.4 (wazi kabisa) hadi f/8 (dogo), mwanga kwenye picha ni uleule, tundu halifungi. Pili, kila kitu kinatoka na umanjano, hata shuka jeupe lililoanikwa nje.

Mangi_Picha
Rudisha, usipoteze muda. Chukua Sony 50mm f/1.8 yenye fokasi ya kujiendesha na kizuia mtikisiko, ukafanye kazi yako kwa amani. Bibi anayechuma kahawa hawezi kukusubiri uzungushe pete. Hizi lenzi za zamani mnazipenda kwa sababu ya majina tu.

Chalii_wa_Sakina
Mangi, kila mada humu jibu lako ni nunua mpya. Hajauliza hilo.

Fundi_Ngarenaro
Dada Nuru, kabla hatujaiita mbovu: ubavuni mwa hiyo Takumar, karibu na mahali inapokazwa, kuna kiswichi chenye herufi A na M. Kiko upande gani? Kikiwa kwenye A, lenzi inasubiri pini ndogo ya nyuma ibonyezwe na kamera ndipo bledi, vile vipande vyembamba vinavyobana tundu, zifunge. Kamera za filamu zilibonyeza zenyewe. Adapta nyingi hazina ukingo wa kubonyeza hiyo pini, kwa hiyo bledi zinabaki wazi hata uzungushe pete mpaka kesho. Weka M, chungulia kwa mbele, zungusha taratibu, halafu utuambie.

Nuru_Pasua
Asante sana fundi, kweli kilikuwa kwenye A. Nimeweka M, sasa zinafunga, lakini polepole sana. Nikirudisha kutoka f/8 kwenda f/1.4 hazifunguki zote, mbili zinabaki zimejitokeza kama kucha. Nimemulika kwa tochi ya simu, zinang'aa kama zimepakwa kitu.

Fundi_Ngarenaro
Hayo ni mafuta. Grisi ya kwenye uzi wa fokasi (hesi zinazosogeza vioo unapozungusha pete) inazeeka, mafuta yanajitenga na kutambaa hadi kwenye bledi, na joto linaharakisha. Bledi zinatakiwa ziwe kavu kabisa, hazipakwi chochote. Kwenye kamera ya filamu hilo lingekuwa tatizo kubwa, maana zinatakiwa kufunga ghafla unapobonyeza. Kwako wewe unayefunga kwa mkono kabla ya kupiga, kuchelewa si kitu. Kinachosumbua ni hizo mbili zisizorudi, na yale mafuta kufuka taratibu yakaweka ukungu kwenye kioo.

Kazi yenyewe inafanyika. Kundi la vioo la mbele linatoka, unafikia bledi bila kugusa uzi wa fokasi, unazisafisha kwa alkoholi safi au ile petroli ya viberiti, zinaachwa zikauke, unarudia mpaka ziruke zenyewe. Atakayekwambia anazipulizia mafuta ya kulainisha ili ziteleze, chukua lenzi yako uondoke.

MamaStudio_Njiro
Mimi nasema rudisha, na nitaeleza kwa nini.

Tulikuwa na Nikkor 105mm f/2.5, lenzi ambayo studio yetu ilijengwa nayo. Ikapata fangasi kidogo pembeni mwa kioo, kama unyuzi mwembamba, hata kwenye picha hauonekani. Watu wakatuelekeza kwa fundi mmoja hapa mjini, anasifiwa, anatengeneza simu, runinga na kamera. Akaipokea, akatuambia ni kazi ndogo. Tulipoifuata tukakuta kioo kinang'aa, tukalipa, tukashukuru.

Jumamosi ile tulikuwa na harusi Usa River. Picha za maharusi kwa karibu zilitoka nzuri mno. Ikafika picha ya ukoo, watu wamepangwa chini ya miti, nikarudi nyuma wote waingie. Nazungusha fokasi, inafika mwisho wa pete, nyuso bado zina ukungu. Kesho yake nikautazama Mlima Meru kwa lenzi ileile, asubuhi, hakuna wingu. Mlima mzima ulikuwa kama umechorwa kwa pamba. Kitu cha mbali hakikamatiki tena.

Fundi akasema kamera yangu ndiyo mbovu. Nikafunga lenzi nyingine mbele yake, ikakamata vizuri, akanyamaza. Baadaye mtu anayezijua hizi kazi akaifungua akanionyesha: uzi wa fokasi una njia nyingi za kuingilia, yule bwana aliutenganisha bila kuweka alama, akaurudisha kwa njia isiyo yake. Vichwa vya skrubu vitatu vimelika hata bisibisi haishiki. Ilibidi turudishie familia ile sehemu ya malipo, na ile lenzi haikurudi kuwa ileile. Nuru, fangasi wale nisingewagusa, leo ningekuwa bado nafanya nayo kazi.

Mzee_wa_Zenit
Pole sana mama. Hizo skrubu zina sababu. Lenzi za Kijapani za miaka ile zina skrubu za kiwango chao, JIS. Ukiziona utadhani ni msalaba wa kawaida, lakini bisibisi ya kawaida haizami mpaka chini, inateleza na kula kichwa. Nuru, ukienda kwa fundi yeyote, mwombe akuonyeshe bisibisi ya JIS na spana ya pete za lenzi. Kama hana, mshukuru uende.

Fundi_Ngarenaro
Nakubaliana na mzee. Ila mama, kosa la mmoja lisitufunge wote. Kusafisha bledi si sawa na kutenganisha uzi wa fokasi.

MamaStudio_Njiro
Fundi, na yule naye aliniambia ni kazi ndogo.

Wakili_Kijenge
Dada Nuru hujajibu swali la mzee. Umenunua wapi na imepitia wapi?

Nuru_Pasua
Nimenunua eBay, lile soko la mtandaoni, muuzaji yuko Japani, nimelipa kwa PayPal. Ilitumwa kwa kaka yangu Leicester, Uingereza, naye akampa mtu aliyekuwa anakuja nyumbani.

Wakili_Kijenge
Hapo ndipo penye uzito. eBay wanakurudishia hela bidhaa ikiwa hailingani na maelezo, unadai ndani ya siku 30 tangu ifike, na gharama ya kuirudisha ni ya muuzaji. Lakini mzigo ukishafika kwenye anwani uliyoandika halafu ukapelekwa kwingine, ulinzi huo unaondoka. Kwao lenzi ilifika Leicester, ikaishia hapo. PayPal dirisha lao ni refu zaidi, siku 180 tangu ulipolipa, ila huruhusiwi kufungua madai pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Ningekuwa wewe, leo hii ningepiga video fupi: pete inazunguka, bledi zinakwama, mwanga wa tochi unaonyesha mafuta. Mwandikie muuzaji ndani ya eBay kwenyewe, si kwa barua pepe, kwa adabu, mwombe akurudishie sehemu ya hela ubaki na lenzi. Wauzaji wengi wanakubali kwa sababu kupokea mzigo kutoka Tanzania ni usumbufu kwao pia. Ukiirudisha kwa EMS au DHL, kwanza utalipa wewe. Na ukiagiza nyingine ije moja kwa moja Moshi, jiandae na forodha na VAT ya asilimia 18.

Chalii_wa_Sakina
Afadhali huko. Angenunua dukani hapa angekutana na lile bango, bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Wakili_Kijenge
Lile bango halifuti sheria, chalii. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo uliyouziwa nayo. Ukikwama kuna Tume ya Ushindani. Watu wanaliogopa bango kwa sababu wanaondoka bila risiti.

Kijana_Boma
Jamani, mbona hakuna anayesema kuhusu umanjano? Nimesoma kwamba hizo Takumar zina mionzi. Dada itupe hiyo kitu, afya kwanza.

Mzee_wa_Zenit
Asiitupe. Ni kweli, toleo lenye vioo saba lilitengenezwa kwa kioo chenye thoriamu, madini yanayotoa mionzi, kwa sababu kilipinda mwanga vizuri bila kutawanya rangi. Mionzi yake hiyohiyo ndiyo inayokichafua kioo kwa miaka mingi kikawa cha njano. Sehemu kubwa ya mionzi hiyo haipiti hata karatasi, na inayobaki inapungua haraka ukiwa mbali kidogo. Usikisage kioo, usilale nayo kitandani, piga picha zako.

Kijana_Boma
Lakini mzee, thoriamu haiishi leo wala kesho.

Mzee_wa_Zenit
Nusu yake inachukua miaka kama bilioni 14 kuisha, na ndiyo maana inatoa polepole. Kinachovunjika upesi ndicho kikali. Mwanangu, nimezitumia tangu ujana wangu.

MamaStudio_Njiro
Hata hivyo mwenye mtoto mdogo nyumbani aiweke juu kabatini. Hilo halina hasara.

Chalii_wa_Sakina
Umanjano unatoka kwa jua. Iweke dirishani, kioo cha nyuma kitazame nje, wiki chache tu na jua la Moshi inakuwa nyeupe.

Fundi_Ngarenaro
Chalii, ngoja kwanza. Ni kweli mwanga wa urujuanimno (UV) unausafisha umanjano, lakini jua linakuja na joto, na joto ndilo linaloyeyusha grisi iende kwenye bledi. Huyu tayari ana mafuta. Utaponya kioo uzidishe ugonjwa wa bledi. Bora taa ndogo ya LED ya urujuanimno, zile za kukaushia rangi ya kucha, maana hazina joto kubwa. Akilazimika kutumia jua, aizungushie karatasi ya aluminiamu mwili mzima abakishe kioo tu, na aluminiamu nyingine iwe chini yake. Lenzi ya f/1.4 ikilikusanya jua kwenye pazia, nyumba inaungua.

Mangi_Picha
Mnaona kazi yote hiyo? Taa ya kucha, aluminiamu, wakili, fundi mwenye bisibisi ya Japani. Nasema tena, kazi yake iko karibu.

Nuru_Pasua
Kaka Mangi nakuelewa. Nimeitaka hii kwa sababu niliona picha za nyuso zilizopigwa nayo kwa f/2, ngozi ya mzee inatoka na mikunjo yake bila ukali. Jana nilimpiga mama jikoni ikiwa hivihivi na ubovu wake. Mvuke wa sufuria, mwanga wa dirishani, nyusi zake, vyote vipo. Nilirekebisha rangi kwenye kamera tu.

Mangi_Picha
Weka hiyo picha humu basi.

Dada_Rau
Mkishamaliza, mwambieni na namna ya kuitunza. Mimi naweka zangu kwenye ndoo ya mchele, mvua za Machi hadi Mei zinapita salama.

Fundi_Ngarenaro
Dada, mchele una vumbi na unga, na vumbi hilo ndicho chakula cha fangasi. Nunua silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, na kipima unyevu. Ukikaa kati ya asilimia 40 na 50 uko vizuri. Ukikausha kupita kiasi, grisi nayo inakauka.

Dada_Rau
Mchele wangu ni safi na zangu hazijapata kitu.

MamaStudio_Njiro
Zangu pia hazikuwa na kitu, mpaka siku moja.

Nuru_Pasua
Wakuu, nimemwandikia muuzaji na video kama wakili alivyosema. Amejibu kistaarabu. Anasema nichague: anirudishie theluthi ya hela nibaki nayo, au niirudishe yote kwa gharama yangu kwanza, naye atalipa akishaipokea. Theluthi hiyo inaweza kumlipa fundi, lakini maneno ya mama yananirudisha nyuma. Bado sijamjibu. Fundi, naweza kuja Ngarenaro nikuone ukifanya kazi ya lenzi nyingine kwanza?

Fundi_Ngarenaro
Karibu, njoo siku yoyote ya kazi. Usije na hiyo Takumar mpaka mmalizane na muuzaji.

Mangi_Picha
Na hela nyingine ya lenzi mpya uiweke pembeni.

Kijana_Boma
Samahani nadandia. Nimeona kamera ya filamu Zenit-E kule soko la Memorial, mitumba, ina lenzi ya Helios 44-2. Nikizungusha pete ya f hakuna kinachotokea kwenye bledi. Na hiyo ni mafuta?

Mzee_wa_Zenit
Hapana, huenda ni nzima kabisa. Helios hiyo ina pete mbili. Ya kwanza unachagua namba tu, ya pili iliyo karibu nayo ndiyo inayofunga bledi mpaka kwenye namba uliyochagua. Zungusha zote mbili. Anataka shilingi ngapi, na je, pazia la kamera linafunga kwenye kasi zote?