Biwi la mboji linanuka, jirani kachoka. Naombeni ushauri

MchichaMuheza
Wakuu habari za leo. Niko Muheza, Tanga. Tuna bustani ya kikundi, watu 14, tunalima mchicha, bamia na figiri. Tuliamua kuacha kununua mbolea, tukawa tunakwenda sokoni jioni na toroli kuchukua taka: maganda ya machungwa, majani ya kabichi, maembe yaliyooza, hadi mabaki ya chakula cha mama lishe. Yote tunamwaga shimoni.

Sasa shimo limegeuka uji mweusi. Nzi hawasemeki. Jirani ana mtoto mchanga na amefunga madirisha yote mchana kutwa, roho inaniuma kila nikipita pale. Bwana afya naye katupa siku 14. Tena siku ya kugeuza mboji tunakuja wanne, siku ya kuvuna tunatimia wote. Nifanyeje? Sitaki bustani ife.

Babu wa Soni
Pole mwanangu. Maganda hayana kosa, umekosa vikavu. Na hilo shimo liache. Shimo linawafaa wenye ukame, wanaotaka kutunza unyevu. Huko kwenu mvua ikinyesha linajaa maji, hewa inakosekana, ndipo uvundo unapoanza.

Panga juu ya ardhi, upana mita moja, kimo mita moja. Chini weka vijiti hewa ipite. Kila ndoo moja ya taka mbichi, ndoo mbili au tatu za vikavu: maranda ya fundi seremala, majani makavu ya mgomba, mabua. Kati yake tupia samadi kidogo. Kamata konzi, uikamue: yakitoka matone mawili matatu, unyevu umetosha, yakichuruzika, ongeza maranda. Chomeka fimbo katikati. Siku ya nne uichomoe uishike. Ikiwa ya moto, mboji inapika.

Fundi Ubao
Mwagieni chokaa nyingi, harufu itakata.

Babu wa Soni
Hapana, kaka. Chokaa nyingi kwenye samadi mbichi inaitoa naitrojeni hewani, utaisikia ikichoma pua kama mkojo. Chakula cha mimea ndicho hicho kinapotea.

Mama Zai
Shikamoo Babu. Mie naongeza: wali, dagaa na mafuta acheni kabisa, vinaita panya. Na dada, nenda kwa jirani LEO, kabla hamjagusa lile shimo. Mkilifukua, harufu ya siku hiyo itakuwa mara mbili. Mwambie siku na saa, ampeleke mtoto kwa bibi yake asubuhi ile. Mtu akiambiwa mapema anavumilia mengi.

Kuhusu zamu, kwetu mboji inagawiwa kwa ndoo kufuata siku ulizogeuza. Mboga tunagawana sawa. Wazee na wajawazito wanapewa kazi ya kuchambua taka, nayo inahesabiwa. Msimtoze mtu faini, faini iliua kikundi chetu cha kwanza.

MchichaMuheza
Ahsante nyingi Babu, nawe pia Mama Zai. Leo ni siku ya tisa. Nilikwenda kwa jirani na fungu la mchicha, tukaongea barazani hadi magharibi. Jumamosi tulifukua tangu alfajiri, tukaja tisa. Seremala alitupa maranda magunia sita bure. Jana nimechomoa fimbo: nusu ya chini nyeusi, yenye jasho, ya moto nikaiachia. Harufu imebaki kama ya msitu baada ya mvua. Dirisha la nyuma la jirani liko wazi.

Swali moja: mbegu za nyanya zinachipua pembeni mwa biwi. Zitanisumbua kwenye matuta?

Babu wa Soni
Za pembeni hazikupata joto. Ukigeuza, cha nje kiingie ndani. Joto likikaa juu ya nyuzi 55 siku kadhaa, mbegu nyingi zinakufa. Geuza kila wiki, na usiitumie kabla ya miezi miwili au mitatu.