Naomba ushauri: mchoro wa gauni wenye jina la Pierre Balmain

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Lyon, Ufaransa, na nimenunua mchoro wa gauni la jioni kwenye soko la vitu vya zamani. Chini kulia pameandikwa Balmain, yaani jina la mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, bila mwaka. Mtindo ni ule wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia: kiuno kimebanwa, sketi pana inashuka hadi karibu na kifundo cha mguu. Pembeni kuna kipande cha hariri ya kijani kilichobanwa kwa pini, na pini imeshika kutu hadi karatasi imeingia doa la kahawia.

Balmain alifungua nyumba yake ya mitindo Paris mwaka 1945, na nyumba hizo zilikuwa na wachoraji wa kuajiriwa, kwa hiyo jina pekee halinitoshi. Nimeukagua kwa kioo cha kukuzia: sioni vidoa vya uchapishaji ambavyo vingeonyesha ni nakala ya mashine, na mistari ya penseli inaonekana chini ya rangi. Hilo limenipa moyo sana.

Je, nitatofautishaje mkono wa Balmain mwenyewe na wa mchoraji wake? Na hiyo pini, niitoe au niiache? Nisingependa kabisa kitambaa kitengane na karatasi yake. Natanguliza shukrani.