Kwa nini Waingereza husema "tea" nasi tunasema chai?

Mzazi wa Mafinga
Habari zenu, wanajamvi. Huku Mufindi chai tunaichuma wenyewe, majani mawili na chipukizi lake, lakini mwanangu wa darasa la sita amekutana na jambo lililonishinda. Katika kitabu chake cha Kiingereza, familia inakula nyama na viazi saa kumi na mbili jioni, na mlo huo unaitwa "tea". Naomba kufahamishwa maana za neno hilo, na kwa nini halifanani na chai ilhali mmea ni uleule.

Mkazi wa Tukuyu
Ndugu, kitabu hakikukosea. Kaskazini mwa Uingereza na Uskoti, watu wengi huita "tea" mlo wenyewe wa jioni, hata kama mezani hakuna kikombe. Nasi tukikaribishwa chai asubuhi hutarajia maandazi au viazi vitamu, na ndiyo maana anayekosa kitafunwa husema amekunywa chai kavu. Vilevile Waingereza hulitumia neno hilo kwa majani mengine yanayotiwa maji ya moto, kama sisi tulivyoupa mchaichai jina lake, ingawa ni nyasi isiyo na undugu wowote na mchai.

Mwalimu, Iringa
Kuhusu asili, majina yote mawili yametoka China, tena huandikwa kwa herufi moja ya Kichina. Sehemu kubwa ya nchi hiyo huisoma "cha", lakini watu wa pwani ya Fujian huisoma "te". Waholanzi, walioongoza biashara ya kupeleka chai Ulaya katika karne ya 17, walilichukua neno la Fujian wakasema "thee", na Waingereza wakalipata kwa njia hiyo. Mwaka 1660 Samuel Pepys wa London aliandika katika shajara yake kwamba alikuwa amekunywa kinywaji hicho kwa mara ya kwanza. Wareno waliokaa Macau, bandari ya kusini mwa China, walishika "cha"; neno hilohilo lilifika pia Uajemi kwa njia ya nchi kavu, likapata huko ile "i" ya mwisho tuliyo nayo sisi, kisha likafika India. Kwangu mimi, hiyo "i" ni ushahidi mzuri kwamba neno letu halikupitia kwa Waingereza.

Mzazi wa Mafinga
Ahsante sana, Mwalimu. Je, matamshi ya "tii" ni ya tangu mwanzo?

Mwalimu, Iringa
Hapana. Hadi karne ya 18 wengi walitamka "tei", na mshairi Alexander Pope alilifanya kuwa kina kimoja na "obey", linalotamkwa "obei".