Eti "mahindi yanauzwa sokoni"! Wakuu, huyu dalali wa viwanja wa huku Mlandizi, Pwani, kanivuruga

Wakuu, naandika udongo bado uko kwenye kandambili. Yule jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa kofia ya pama na faili la plastiki, akipita mtaani hata kuku wanakimbia wasije wakapimwa. Leo asubuhi kaingia shambani kwa bi mkubwa na vijana wake, kapita katikati ya mahindi yaliyotoa mbelewele juzi tu, kalaza mstari mzima, kasimika bikoni, yale mawe ya mpaka wa kiwanja. Mama akamuuliza, "Mwanangu, mbona unaua chakula?" Akajibu hata kugeuka hageuki: "Mama, mahindi yanauzwa sokoni."

YANAUZWA SOKONI! Kwani hayo ya sokoni yanaota kwenye mizani?

Mengine mnayajua. Eneo likishatangazwa la mipango miji, inakuja upimaji shirikishi, yaani wenye mashamba mnapimiwa viwanja kwa pamoja, majirani wote wanakata mita 20 kwa 20. Ekari ya 70 kwa 70 inatoa viwanja tisa. Mahindi ni gunia nane mvua ikikuonea huruma. Hapo nani atashika jembe? Sensa ya 2012 Pwani tulikuwa milioni 1.1, ya 2022 tumepita milioni 2, na wote hao wanataka ugali, sijaona anayelamba bikoni.

Halafu hata kugeuka, wakuu! Mama wa miaka 70 na ushee anaelekezwa sokoni kama katoto kametumwa chumvi!

*Panga Butu:* Uzi bila picha ni umbea. Weka bikoni tuione.

*Fundi Saa Mbovu:* Acha unafiki. Si wewe uliyejenga Goba kwenye mikorosho ya watu? Siku ile ulilia?

*Mleta mada:* Mikorosho haikuwa ya mama yangu.

*Fundi Saa Mbovu:* 😂😂😂 Uzi ufungwe.

*Babu Kiberiti:* Chakula cha nchi kinatoka Sumbawanga, Songea na Mbeya. Ekari moja ya bi mkubwa haiwezi kututia njaa.

*Kipara cha Uyole:* Nani kakudanganya Mbeya tumepona? Tulipokuwa tunachimba viazi sasa ni baa na mafundi wa mageti. Mashamba yanazidi kusogea porini, lori linazidi kutoka mbali, na dizeli yake unailipa wewe kwenye kilo ya unga. Endelea tu kuhesabu mikoa.

*Babu Kiberiti:* Mkuu punguza jazba, kula kiazi.

*Mtarajiwa:* Samahani mleta mada, viwanja hapo vinaanzia bei gani? Naomba namba ya huyo dalali PM.

*Mleta mada:* Pumbavu.

*Dada wa Matembele:* Wewe angalau umejibiwa. Mwenye nyumba wangu kang'oa matembele yote niliyopanda nyuma ya choo, kamwaga kokoto apaki Noah yake. Noah yenyewe haiwaki tangu mwaka jana!

*Panga Butu:* Nyuma ya CHOO? Dada, usije ukatualika.

*Dada wa Matembele:* Jumapili ulikula sahani mbili na ukaomba ya kubeba. Nyamaza.

*Kipara cha Uyole:* Matembele ya hapo ndiyo huwa laini, msimcheke.