Ameniambia nikahesabu tembo wa kwetu, na ukumbi mzima ukacheka

Mwindaji wa Kusini:

Ndugu zangu mnaowinda hapa Wisconsin, ninaandika nikiwa bado kwenye maegesho ya magari, kwa sababu nikiingia nyumbani na hasira hii nitawagombeza watoto wasio na kosa. Nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha baraza la ushauri wa kulungu la kaunti yetu. Huko yuko bwana mmoja aliyenitukana. Jina lake silitaji, wala halihitajiki, kwani yeyote aliyewahi kuhudhuria kikao kimoja tu anamjua: hufika kabla ya wajumbe, hukalia kiti kile kile cha mbele, na hupinga kila kibali cha kuua jike kana kwamba majike wote wa msituni ni dada zake wa tumbo moja.

Niliinua mkono, nikaitwa, nikasimama. Nilisema kwamba vibali vya majike kwa msimu ujao visipunguzwe, na nilikuwa sijamaliza sentensi ya pili alipogeuka, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akasema kwa sauti ambayo ingewaamsha dubu waliolala mpaka ufukweni mwa Lake Superior: "Wewe nenda ukahesabu tembo wa kwenu, kulungu hawa tuachie sisi." Ukumbi mzima ukacheka. Mwenyekiti aliinamisha uso kwenye karatasi zake, lakini mabega yake niliyaona yakitikisika.

Tembo wa kwetu! Mimi ninalipia leseni kila mwaka. Ninavaa rangi ya chungwa kama sheria inavyotaka. Kila windo ninalisajili kabla ya saa 11 jioni ya siku inayofuata, na kichwa chake ninakipeleka mwenyewe kwenye kibanda cha vipimo vya ugonjwa, katika baridi inayokausha mate mdomoni. Kila risasi ninayoinunua, ndani ya bei yake imo ile kodi ya asilimia 11 ambayo tangu sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 hugharimia uhifadhi wa wanyamapori nchi nzima. Kodi hiyo inapopokelewa, hakuna anayeuliza kama mlipaji ametoka nchi ya tembo.

Nilichotaka kusema si kigeni hata kidogo. Mwaka 1943 Aldo Leopold, profesa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliyekuwa ameingia kwenye tume ya uhifadhi ya jimbo, aliunga mkono majike wawindwe, kwa sababu kulungu wa kaskazini walikuwa wamemaliza miti michanga na walikuwa wakifa njaa katika theluji. Watu walimrukia, na msimu ule waliuita jinai ya mwaka 43. Hesabu haijabadilika tangu wakati huo: dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo ukiua madume peke yake kundi halipungui, na jike mzima aliyeshiba huzaa mapacha. Ndiyo maana mwaka 1996 ililetwa kanuni ya jike kwanza, iliyomtaka mwindaji aue kulungu asiye na pembe kabla ya kuruhusiwa dume katika maeneo ambako kundi lilikuwa limezidi, nayo ikadumu hadi mwaka 2011, wanasiasa walipoifuta ili kuwaridhisha watu wa aina ya huyu bwana. Leopold alizaliwa Iowa. Pamoja na matusi yote aliyotukanwa, sijasoma popote kwamba aliambiwa akahesabu kulungu wa kwao.

Halafu ugonjwa nao ungali nasi. Tangu Februari 2002, ugonjwa wa kukonda, huu tunaouita CWD, ulipothibitishwa karibu na mji wa Mount Horeb, huku kusini mwa jimbo, umekuwa ukisambaa kaunti baada ya kaunti. Unatokana na prioni, yaani protini iliyoharibika umbo, hauna chanjo wala dawa, hupita katika mate na mkojo, hukaa udongoni kwa miaka, na moto wa jikoni hauumalizi. Nilitaka kulisema hilo pia. Sikulisema, kwa sababu wakati huo watu walikuwa wanafuta machozi ya kicheko juu ya tembo.

Fundi Dungu:

Pole sana, kaka. Nimemtambua kabla sijamaliza aya ya kwanza. Mwaka jana alimwambia shemeji yangu kwamba jike aliyemuua, kwa kibali halali, alikuwa mama wa dume ambaye yeye amekuwa akimlea kwa miaka mitano. Nilitaka kumuuliza kama alikuwa akimnyonyesha. Kundi la kulungu wa jimbo hili ni mali ya umma inayosimamiwa na jimbo kwa niaba ya wakazi wote, lakini yeye huzungumza kama mtu aliyerithi zizi la mbuzi kutoka kwa babu yake.

Kijana wa Kaskazini:

Kaka, umechekwa mara moja tu, nawe umeandika gazeti zima. Huku kwetu kaskazini tungefurahi kuitwa majina yote duniani ilmradi tuwaone kulungu. Ninyi wa kusini mna vibali vya majike vinavyokuja pamoja na leseni, na vingi vinaisha msimu bila kutumika, halafu mnalia kwamba mmetukanwa. Sisi tunakaa kwenye dungu kuanzia alfajiri hadi giza, siku zote 9 za msimu wa bunduki, tukiwatazama kindi.

Idara ya maliasili ya jimbo hupima ukali wa baridi kwa alama: kila siku yenye theluji ya sentimita 46 au zaidi ni alama moja, na kila siku ambayo baridi imefika nyuzi 18 chini ya sifuri ni alama nyingine. Majira yale ya mwaka 2013 kuingia 2014 alama zilipanda vibaya sana, na kulungu wa kwetu waliteketea. Bado hujagusa mbwa-mwitu. Februari 2021 jimbo liliruhusu wenye leseni kuua 119, wakauawa 218 ndani ya siku zisizotimia tatu, na mwaka uliofuata mahakama ikawarudishia ulinzi wa serikali kuu. Tangu wakati huo wao wanakula, sisi tunatazama. Hayo ndiyo malalamiko, si huo utani wako wa tembo.

Mwindaji wa Kusini:

Mdogo wangu, mimi sikuchekwa kwa utani. Utani huwa na watani, na mimi na mtu yule hatujawahi hata kusalimiana. Niliambiwa, mbele ya majirani ninaokutana nao dukani, kwamba sina haki ya kusema juu ya mnyama ninayemlipia, ninayemla na ninayempeleka kupimwa. Mbwa-mwitu hakumwambia mtu yeyote akahesabu tembo.

Bibi wa Bustani:

Wanangu, mkishamaliza kugombana nani amecheka, njooni mwaue wale waliokula bustani yangu. Tumepewa vipande vya ardhi pembezoni mwa mji, nikapanda maharage na maboga kwa ajili ya majani yake, kwa kuwa matembele ya madukani ni ghali na yamenyauka. Walikuja usiku mmoja wakala kila kitu, hata mche wa pilipili wakauonja. Nimeambiwa ua unaowazuia unapaswa kufika karibu mita mbili na nusu, na ua wa namna hiyo ni bei kuliko gari langu. Ninyi mnabishania jike na dume, lakini wote wawili wana meno. Huyo bwana wa kiti cha mbele na aje alale hapa na tochi awalinde dada zake.

Hesabu Kamili:

Ninamuunga mkono aliyefungua uzi kuhusu adabu, lakini hoja yake ina tundu ambalo huyo bwana angelitumia kama angekuwa na akili ya kulitafuta. CWD huwapata madume wazima kwa kiwango kikubwa kuliko majike, na dume katika msimu wa kupandana hutembea mbali akiwa na ugonjwa wake. Kwa hiyo ukisema majike pekee, umesema nusu. Pale kusini-magharibi wataalamu waliwavisha mamia ya kulungu kola za redio, na matokeo yao yalionyesha kwamba walioambukizwa hufa mapema sana kuliko wazima. Wasipouawa na sisi, wanauawa na ugonjwa, na wakati huo wameshamwaga mate yao kila mahali. Ungeanzia hapo, asingepata nafasi ya kukuletea tembo.

Mwindaji wa Kusini:

Ningeanzia hapo vipi, na nilikatizwa katika sentensi ya pili? Ninaomba msome nilichoandika. Katika sentensi ya pili!

Kijana wa Kaskazini:

Sentensi ya pili tumeielewa sote, kaka. Hata mbwa-mwitu wameielewa.

Abu Salma:

Nyote mnalalamikia mambo madogo. Mimi ninapiga risasi kwa bismillahi, ninamwahi mnyama kwa kisu, ninamchuna mwenyewe, kisha ninampeleka kwa mchinjaji anitengenezee soseji, na kumbe soseji za kulungu huku huchanganywa mafuta ya nguruwe ili zisikauke. Nilipouliza, mtu wa kaunta alinitazama kama niliyemuuliza njia ya kwenda mwezini. Zaidi ya hapo, mchinjaji wangu huunganisha nyama za wawindaji kadhaa katika mashine moja, kwa hiyo hata ukipima wa kwako na majibu yakawa safi, hujui umekula wa nani. CDC, kituo cha serikali kuu cha kudhibiti magonjwa, inashauri watu wasile kulungu aliyekutwa na CWD, japokuwa hadi sasa hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata. Ushauri huo nitaufuataje, ikiwa soseji yangu ina kulungu wa watu wanne na nguruwe mmoja?

Fundi Dungu:

Abu Salma, mimi niliacha kupeleka kwa mchinjaji. Nilinunua mashine ya kusagia nyama, ninaweka mafuta ya ng'ombe badala ya nguruwe, na nyama inakaa kwenye friza yangu mpaka majibu yatoke. Nikipata jibu baya nafuata maelekezo ya idara kuhusu kuitupa, na siitupi porini.

Mzee wa Upinde:

Hamjambo vijana. Kero yangu haijaguswa na mtu. Tangu mwaka 2014 kila mwenye leseni anaruhusiwa kutumia upinde wenye kifyatulio katika msimu wake mrefu, si wazee na walemavu peke yao kama zamani. Matokeo yake ni kwamba madume makubwa yanakwisha kabla sisi wa upinde wa kuvuta kwa mkono hatujapata nafasi, na siku ya kwanza ya bunduki, ile Jumamosi ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani, wenye bunduki nao wanashangaa msitu umekuwa kimya. Kisha wanasema kulungu wamepungua, na huyo wa kiti cha mbele anadai majike yapunguziwe vibali. Yeye mwenyewe ana pinde mbili za namna hiyo, nimeziona kwenye gari lake.

Kijana wa Kaskazini:

Mzee shikamoo. Pinde hizo haziwamalizi kulungu wa kaskazini, kwa sababu hapakuwa na wa kumaliza.

Bibi wa Bustani:

Basi waleteni hao wa kwangu kaskazini.

Mwindaji wa Kusini:

Kikao kijacho ninakwenda tena, na nitaketi kiti cha mbele kabla yake. Ninaomba wawili au watatu kati yenu mje, mkae nyuma yangu, ili akisema tena habari za tembo awepo mtu ambaye hacheki. Nani anakuja?

Abu Salma:

Fundi, hayo mafuta ya ng'ombe unayapata wapi yenye uhakika wa halali, na unaweka kiasi gani kwa kilo moja ya nyama?

Fundi Dungu:

Gramu 200 zinatosha. Duka nitakutumia kwa ujumbe.

Mzee wa Upinde:

Na mimi nitumie.