Wazee wetu wanaondoka na historia yetu, na vitabu wanavyotuachia vimejaa picha za kupeana mikono

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe kama nitaruka ruka.

Hivi viongozi wetu huwa wanasubiri nini kuandika? Mzee Mwinyi, Mungu amrehemu, katoka Ikulu 1995, kitabu chake kimezinduliwa 8 Mei 2021, siku anatimiza miaka 96. Mzee Mkapa katoka 2005, chake kikazinduliwa Novemba 2019, Julai 2020 tunamzika. Na hao ndio waliojitahidi, nawapa heshima yao! Mwalimu toka ang'atuke urais 1985 mpaka anafariki 1999 ni miaka 14, akaandika kuhusu uongozi na Muungano, akatunga mpaka tenzi za Biblia, ila kisa cha maisha yake kwa mkono wake mwenyewe hakutuachia. Ikabidi akina Profesa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata waje kutoa majuzuu matatu 2020, zaidi ya miaka 20 yuko kaburini, na kwa Kiingereza.

Ngoja nikae hapa kwenye kitabu cha Mkapa maana ndicho kinachoniuma. Mnakumbuka Januari 2001? Wafuasi wa CUF, chama cha upinzani, wameandamana, Pemba na Unguja, polisi wakapiga risasi za moto. Human Rights Watch walisema waliokufa ni 35 kwa uchache, na watu zaidi ya 2,000 wakapanda madau kukimbilia Shimoni, Kenya. Watanzania wamekuwa wakimbizi! Sasa Rais aliyekuwa madarakani siku hiyo anakuja kukiri kwenye kitabu kwamba yale mauaji ni doa kwenye uongozi wake. Sawa, kukiri ni jambo kubwa, wengi hawawezi na nampa haki yake. Lakini kwa nini tusubiri miaka 18? Mtoto aliyezaliwa Wete, Pemba, wiki ile alikuwa keshafikia umri wa kupiga kura. Na kitabu kilipotoka ndio ulikuwa muda wa waandishi wa habari kwenda kukaa naye uso kwa uso wamuulize, mzee, amri ilitoka kwa nani, nani alikupigia simu kwanza, ulimjibu nini. Ilibaki miezi minane tu ya uhai wake na nusu yake dunia nzima iko kwenye korona. Basi, imeisha hiyo, hakuna wa kuulizwa tena.

Tena huyo kaandika la maana. Wengine ndio kabisa. Nilijibana nikanunua kumbukumbu za mheshimiwa mmoja, jina naliacha, aliwahi kuwa waziri kipindi cha sakata kubwa ambalo kila mtu mzima nchi hii analikumbuka. Kurasa na kurasa anaelezea alivyokuwa anatembea peku kwenda shule, mwalimu alivyomchapa, posa ilivyopelekwa. Halafu katikati kuna zile karatasi za kung'aa zenye picha, yuko na rais huyu, yuko na balozi yule, yuko uwanja wa ndege kashika mkoba. Nafika kwenye ule mwaka wenyewe nakuta aya moja, eti "kilikuwa kipindi kigumu kwa taifa, namshukuru Mungu tulivuka salama", aya inayofuata yuko kijijini kwao anazindua kisima. Faharasa hakuna, hivyo huwezi hata kutafuta jina la mtu ukaona katajwa wapi. Mzee, wewe ulikuwa chumbani humo! Tumekulipa mshahara, tunakulipa mafao, gari na matibabu, halafu unatupiga chenga kwenye ukurasa ule ule mmoja tuliokuwa tunautaka?

Tuje kwa watu wa idara, yaani usalama wa taifa. Hapa ni ukimya mtupu. Najua mtakuja na hoja ya kiapo, na sheria ya usalama wa taifa ya 1970 na ile ya idara ya 1996, nazijua na sipingi kwamba mtu aliye kazini afunge mdomo. Mimi naongelea mambo ya miaka 50 na 60 iliyopita. Maasi ya jeshi 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito wanaingia mjini Dar es Salaam, Mwalimu amefichwa, waziri wake Oscar Kambona ndiye anayekwenda kuongea nao, siku tano baadaye makomandoo wa Kiingereza wanashuka kuwanyang'anya silaha. Ni siri gani ya leo itavuja mtu akisimulia hayo? Kambona mwenyewe kaondoka nchini 1967, karudi 1992, kafariki London 1997, na kitabu cha maisha yake kwa mkono wake mwenyewe hatuna. Mtu aliyeshika ulinzi na mambo ya nje nchi ikiwa changa kabisa!

Na wazee waliokuwa ndani ya mambo hayo wanajua kusimulia vizuri sana. Mtaani kwetu yupo mmoja, jioni kwenye kahawa anakupa mpaka rangi ya gari na nani alikaa kiti cha mbele. Ukitoa tu simu: "Zima hiyo kwanza." Ukizima, mada inahamia kwenye mpira.

Msidhani ni sisi tu. Kenya James Kanyotu kaongoza ushushushu toka 1965 mpaka 1991. Hesabuni wenyewe yaliyopita chini ya macho yake: wanasiasa wakubwa wameuawa, Mboya 1969, JM Kariuki 1975, Ouko 1990. Kafariki 2008, hana ukurasa hata mmoja. Ila wenzetu angalau wamepata wa kuthubutu, Bart Kibati aliyekuwa Special Branch, hao hao mashushushu, akatoa kumbukumbu zake 2016 na nchi haikuanguka. Uganda, Henry Kyemba alikuwa waziri wa Amin, kakimbia 1977 na mwaka huo huo kitabu kimetoka, Amin bado yuko Kampala na bunduki zake! Huyo alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Wa kwetu anaogopa nini na pensheni juu?

Waingereza wenyewe walijaribu kukizuia kitabu cha Peter Wright wa MI5, idara yao ya ushushushu wa ndani, miaka ya 80, wakashindwa mahakamani Australia, kikauzwa kama njugu. 2001 Stella Rimington, aliyekuwa mkuu wa MI5 hiyo hiyo, akatoa cha kwake baada ya mswada kupitiwa na wenye idara. CIA wana bodi kabisa ya kazi hiyo, mstaafu anapeleka mswada, wanakata wanayoyakata, kinachobaki kinachapwa. Kuna ugumu gani na sisi tukawa na utaratibu kama huo, ulioandikwa, mzee ajue akipeleka mswada wake atajibiwa ndani ya muda fulani na hatapigiwa simu za ajabu usiku?

Maana wakikaa kimya hawa, wengine wanaandika. Mapinduzi ya Zanzibar, mmoja wa wanaosomwa sana ni Don Petterson, alikuwa ubalozi mdogo wa Marekani pale 1964. Kaandika alichokiona na simlaumu. Lakini mjukuu wa pale Ng'ambo, Unguja, anayetaka kujua babu yake alipotelea wapi hawezi kupata jibu kwa mwanadiplomasia wa Marekani, na wale waliokuwa wanashika funguo za magereza wanaisha mmoja mmoja. Pengo linalobaki linajazwa na porojo, kila mtu ana "mjomba wangu alikuwa idara", na vijana wanazimeza nzima nzima kwa sababu hakuna kitabu cha kuwafungulia.

Na wachapishaji nao wajirekebishe, wekeni faharasa, toeni kwa Kiswahili siku hiyo hiyo ya uzinduzi kama Mzee Mwinyi alivyoandika kwa Kiswahili, na mhariri awe na ujasiri wa kumrudishia mheshimiwa mswada amwambie hapa umeruka miaka minne, rudi ukaandike. Wabunge mliomo humu mnaosoma bila kuchangia, hiyo ya utaratibu wa miswada ya vitabu vya wastaafu ni kazi yenu. Nani kati yenu atalipeleka?